Mzee Huyu ni wa Nani?

Kila Alhamisi jioni sisi akina mama wa kikundi chetu huwatembelea wagonjwa na wazee wa mtaa wetu. Hatuendi na mengi. Mara tunapeleka unga kilo mbili, mara sukari, mara kipande cha sabuni. Siku nyingine tunakwenda mikono mitupu, tunafagia uwanja, tunateka maji, tunakaa kidogo na kuzungumza. Nyumba ya mwisho katika mzunguko wetu ni ya bibi mmoja mjane, mwenye umri uliopita miaka sabini. Anaishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe. Amejaliwa watoto wanne. Wote wapo hai, wote wana familia zao, na wote wanakaa miji mingine.

Jioni moja tulimkuta ameketi mlangoni akichagua mchele. Tulipomkaribia tuliona kwamba mawe yanabaki kwenye ungo na mchele ndio unaotupwa chini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Leo mmekuja wangapi?"

Tulikuwa wanne, tumesimama mbele yake. Tukatazamana. Mmoja wetu akachuchumaa akamshika mkono, akamwuliza kama anamwona. Bibi akatabasamu. "Sauti zenu nazijua zote," akasema, "ila nyuso zenu zimenipotea."

Tulipomdadisi alitueleza bila kunung'unika. Macho yalianza kufifia pembeni tangu mavuno ya mwaka uliopita, akawa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Je, hakwenda hospitali? Alikwenda, tena si mara moja. Safari ya kwanza aliambiwa kwamba wazee wanatibiwa bure, lakini ni lazima alete kitambulisho cha mzee. Akaenda ofisini kukitafuta, akaambiwa alete picha na uthibitisho wa umri wake. Bibi hana cheti cha kuzaliwa. Anachojua ni kwamba alikuwa msichana wa kuchunga mbuzi wakati bendera ya Uhuru ilipopandishwa mwaka 1961. Safari ya tatu akakuta afisa anayehusika amekwenda kwenye semina, akaambiwa arudi wiki ijayo. Nauli ikawa imekwisha. Akarudi nyumbani akakaa.

Kila mmoja alimwonyesha mwingine

Usiku ule tulimpigia simu mtoto wake wa kwanza. Alishtuka kweli, akasema: "Lakini mama, si ninyi watu wa kanisa huwa mnamtembelea? Nilijua yuko katika mikono salama." Jumapili tulimweleza mzee wa kanisa. Naye alisikitika, akasema alidhani bibi yule anatunzwa na watoto wake, kwa maana wana kazi nzuri. Katika ofisi ya mtaa tulijibiwa kwamba jina lake halijaletwa kwenye orodha ya wazee. Kule alikokwenda kutibiwa tulijibiwa kwamba wao wanafuata kitambulisho, na kwamba vitambulisho havitolewi pale.

Nasi je? Tulikuwa tumempelekea sukari kwa miaka miwili. Katika muda wote huo hatukumwuliza hata siku moja kama anacho kitambulisho cha matibabu. Hatukumwuliza anaonaje, analalaje, wala mara ya mwisho alipimwa presha lini. Tuliweka sukari mezani, tukaomba pamoja naye, tukaaga.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mmoja wetu aliuona mzigo wa Bibi kuwa mwepesi, kwa sababu kila mmoja alidhani upo mabegani mwa mwingine. Hakuna aliyemfanyia ukatili. Hakuna aliyemfukuza. Hata hivyo, mama huyu alikuwa anaingia gizani huku amezungukwa na watoto, majirani, kanisa na ofisi za serikali.

Tangu siku ile tumejifunza mambo ambayo tungependa kila mama anayesoma ukurasa huu ayajue. Huenda unaye mama mzazi kijijini, au mama mkwe katika chumba cha uani, au jirani mzee ambaye hana mtu. Ni vema ujue ni nani anayewajibika kwa lipi, na mlango upi ubishwe hodi.

Ahadi iliyokwisha kutolewa

Tuanze na jambo ambalo wengi hatulijui. Kumtunza mzee si huruma tu ya mtu mwema. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Mwaka 2003 serikali ikatoa Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hiyo ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 au zaidi, na ikaahidi kwamba mzee asiye na uwezo atapata matibabu bila malipo.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kati yao, karibu milioni 3.5 walikuwa na miaka 60 na zaidi. Wengi wa hao walikuwa wakulima, wavuvi, wafugaji, wachuuzi wa sokoni na mama wa nyumbani. Hawakuajiriwa, kwa hiyo hawana pensheni ya kazini. Jembe lilikuwa ndilo mwajiri wao, na jembe halilipi kiinua mgongo.

Hata hivyo, sera ni ahadi, haina meno kama sheria. Kwa sababu hiyo utekelezaji wake umetofautiana sana. Halmashauri moja inawapiga picha wazee wake na kuwapelekea vitambulisho mpaka kijijini, na halmashauri nyingine inasubiri mzee aje mwenyewe. Ndugu zetu wa Zanzibar walipiga hatua ya mbele. Mwezi wa Aprili 2016 walianza kuwalipa wazee wote wenye miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kujali kama mtu aliwahi kuajiriwa, na baadaye kiwango hicho kikaongezwa. Mwaka 2020 wakapata pia sheria yao ya masuala ya wazee.

Milango ya kubisha hodi

Mlango wa kwanza ni ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Hapa ndipo mzee anapojulikana, au anaposahauliwa. Mwenyekiti na mtendaji ndio wenye wajibu wa kujua ni wazee wangapi wanaishi katika eneo lao, yupi anaishi peke yake, yupi analea wajukuu yatima, na yupi hawezi kutoka kitandani. Orodha ya wazee wanaostahili matibabu ya msamaha huanzia hapa. Barua ya utambulisho huandikwa hapa. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa, majirani wanaomjua humtolea ushahidi hapa. Jina lisipoandikwa katika ofisi hii, ofisi za juu haziwezi kuliona.

Ofisi hiyo isisubiri mzee mwenye miguu iliyovimba apande kilima kuifuata. Mjumbe au mtendaji anaweza kupita nyumba kwa nyumba na daftari lake. Anapopita kwa ajili ya michango, anajua kila mlango ulipo. Basi aijue pia milango hiyo anapoandikisha wazee.

Mlango wa pili ni afisa ustawi wa jamii. Huyu ni mtumishi wa halmashauri, na baadhi ya kata zinaye wa kwao. Kazi yake ni kumsikiliza mzee mwenye shida, kuchunguza hali ya nyumbani, kuipatanisha familia, kuidhinisha msamaha wa matibabu na kumwelekeza mzee kwenye msaada unaomfaa. Akina mama wengi tunamjua afisa huyu kwa mambo ya matunzo ya watoto tu, mume anapotoroka nyumbani. Tukumbuke kwamba mzee aliyetelekezwa na watoto wake, au anayenyang'anywa fedha zake, ni wa afisa huyu huyu.

Afisa mzuri humwuliza mzee mwenyewe, tena faraghani. Tumewahi kusikia kikao ambacho mtoto alijibu kila swali lililoulizwa kwa mama yake, kisha ikajulikana baadaye kwamba ni mtoto huyo aliyekuwa anauza mashamba ya mama bila idhini. Uzee si utoto. Mzee ana sauti yake na akili zake, na ni haki yake kusikilizwa kabla ya mambo yake kuamuliwa.

Mlango wa tatu ni zahanati, kituo cha afya na hospitali. Wajibu wao ni kuwapa wazee nafasi ya kwanza wasisimame foleni kutwa, kuwa na dirisha au chumba cha wazee, na kuwapima kwa makini. Wazee wengi wana presha, kisukari, maumivu ya viungo na matatizo ya macho kwa wakati mmoja. Malalamiko makubwa tunayoyasikia ni kwamba kumwona daktari ni bure, lakini dawa hakuna. Mzee anaandikiwa karatasi aende dukani. Hapo msamaha unabaki jina tu. Jambo hili lisinung'unikiwe njiani. Lifikishwe kwenye kamati ya afya ya kituo, ambamo wananchi wana wawakilishi wao, na lisemwe pia kwenye mkutano wa hadhara.

Tuongeze neno moja hapa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na sheria hiyo inagusa pia matibabu ya watu wasio na uwezo. Taratibu za malipo zinapobadilika, mzee ndiye wa mwisho kupata habari. Ulizeni mapema kabla ya kuugua. Nendeni kituoni siku ya uzima, mkaulize kinachotakiwa kwa mzee wenu.

Mlango wa nne ni wa fedha. Mzee aliyeajiriwa zamani ana mfuko wake wa hifadhi ya jamii. Tangu mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa ikawa PSSSF, na NSSF ikabaki kwa sekta binafsi. Mfuko huwaita wastaafu kwa uhakiki, na asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa malipo. Basi familia isiseme ni mambo ya baba mwenyewe. Kwa wasioajiriwa, serikali iliunda TASAF mwaka 2000. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012 uliwatambua walengwa katika mikutano ya hadhara ya vijiji na mitaa. Tuliyoyaona kwenye mikutano hiyo yametufundisha. Wenye sauti kubwa walitajana. Mzee asiyeweza kutembea hakuwapo, na asiyekuwapo hakutajwa. Kila unapoitishwa mkutano wa namna hiyo, jirani mmoja aende kwa niaba ya mzee na ataje jina lake.

Mashine nazo zina mambo yake. Mikono iliyolima miaka hamsini mara nyingi haina tena alama za vidole zinazosomeka. Tulimwona mzee mmoja akirudishwa mara mbili kwa sababu mashine haikumtambua. Mtumishi mwenye busara hamrudishi mzee bila jibu. Humtafutia njia nyingine, au humwandikia siku, saa na jina la mtu atakayemhudumia.

Mlango wa tano ni wa usalama. Akina mama wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa jambo hili. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingine kosa lao lilikuwa macho mekundu tu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa kupikia wajukuu kwa kuni na samadi katika jiko lisilo na dohani. Mara nyingi nyuma ya uvumi huo yapo mashamba yanayomezewa mate. Serikali ya kijiji, sungusungu na polisi wana wajibu wa kuchukua hatua maneno yanapoanza, bila kungoja damu imwagike. Mama anayesikia mwenzake akiitwa mchawi kisimani asicheke. Akatoe habari. Kituo cha polisi chenye dawati la jinsia na watoto hupokea pia kilio cha wazee, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa kuwasaidia wasio na fedha za wakili, kama vile mjane anayefukuzwa kwenye nyumba yake.

Mlango wa mwisho ni makazi ya wazee. Serikali inayo makazi kadhaa, kama Nunge kule Kigamboni, Njoro mjini Moshi, Fungafunga mjini Morogoro, Kolandoto mkoani Shinyanga na Bukumbi mkoani Mwanza. Yapo pia yanayoendeshwa na watawa na madhehebu mbalimbali. Makazi haya ni kimbilio la mzee ambaye kweli hana mtu. Si mahali pa kumtupia mama aliyetuchosha. Kila mtoto anayemwacha mzazi wake pale hali anaweza kumtunza, anachukua kitanda cha mzee mwingine aliye peke yake duniani.

Somo la wajane wa Yerusalemu

Jambo hili si geni kwa watu wa kanisa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 6, tunasoma habari za manung'uniko yaliyotokea Yerusalemu. Wajane wa Wayahudi waliokuwa wakisema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Tazameni jinsi mitume walivyofanya. Hawakuwaambia wajane wavumilie. Hawakuuliza watoto wao wako wapi. Walikusanya watu wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, Stefano na Filipo wakiwa miongoni mwao, nao wakakabidhiwa kazi ile. Tangu siku hiyo kila mjane alijua amwendee nani.

Sisi tuliona kwamba hapa ndipo tulipokosea kwa Bibi. Kazi yake ilikuwa ya wote, kwa hiyo haikuwa na mtu. Huduma isiyo na jina la mtu haifanyiki, iwe ya kanisani au ya ofisini.

Mtume Paulo naye, katika barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, anazungumzia orodha ya wajane wa kutunzwa na kanisa, naye anataja umri wa miaka sitini, umri ule ule ambao sera yetu imeutumia. Tena anatenganisha mambo mawili vizuri. Mjane mwenye watoto au wajukuu, hao ndio wajifunze kwanza kumtunza nyumbani, ili kanisa libaki na nguvu ya kumsaidia aliye mjane kweli, asiye na mtu. Kumbe familia na huduma ya jamii hazishindani. Kila mmoja akibeba kipande chake, mwingine hapati kisingizio wala hapati mzigo usio wake.

Na kipande cha nyumbani je?

Tuseme kweli, maana tunazungumza akina mama kwa akina mama. Neno "familia" linapotajwa, anayeamka usiku kumgeuza mzee kitandani si familia yote. Ni mwanamke mmoja, na mara nyingi ni mkamwana. Mume yuko kazini, mawifi wako mbali, mashemeji wanatuma salamu. Mke ndiye anayefua, anayepika uji, anayesikia maneno ya mama mkwe aliyechanganyikiwa kidogo kwa uzee. Siku wifi akija kwa likizo, wa kwanza kuulizwa kwa nini mama amekonda ni huyo huyo mke.

Mzigo wa namna hii huvunja nyumba. Tumeona ndoa zikiingia baridi kwa ajili yake. Dawa yake si kumchukia mzee, naye hakuchagua kuzeeka. Dawa ni kukaa kikao. Mume awaite ndugu zake, hata kwa simu, na wagawane kazi kwa majina. Nani anatuma fedha ya dawa kila mwezi? Nani anashika kitambulisho na daftari la kliniki? Nani anampeleka hospitali? Nani anakuja kukaa naye wiki mbili ili mke wa nyumba apumzike? Anayetuma fedha asijione amemaliza, na anayeuguza asimdharau anayetuma fedha. Wote wanahitajika. Na watoto wa kiume wafundishwe mapema kumkorogea bibi yao uji. Hakuna andiko linalosema uji ni wa wasichana.

Mzee naye aulizwe anataka nini. Wengine hawapendi kuhamishwa wakaletwa mjini katika chumba chenye luninga, ambamo hawamjui mtu. Wanapenda wabaki karibu na makaburi ya wenzi wao na mihogo yao. Mzee wa namna hiyo anaweza kubaki, mradi awepo jirani anayelipwa au anayeombwa rasmi kumwangalia, na mradi jina lake lijulikane katika zile ofisi tulizozitaja.

Yaliyompata Bibi

Turudi kwa Bibi. Tuligawana. Mmoja wetu alikwenda naye kupiga picha. Wawili walikaa ofisini na majirani wawili wazee kutoa ushahidi wa umri. Tulikwenda mapema, tukangoja kwa adabu, na tuliposikia tena neno "wiki ijayo" tuliomba tuandikiwe jina la mtu na siku. Tunamshukuru afisa ustawi wa jamii. Alipoelezwa habari yote alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akaketi kwenye kigoda, akamsikiliza Bibi kwa saa nzima. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mmoja mwenye kata nyingi, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Baada ya siku kumi na mbili kitambulisho kilipatikana. Mtoto wa kwanza alituma nauli na fedha ya dawa, na binti mdogo akaja kumsindikiza mama yake.

Katika kliniki ya macho daktari alieleza kwamba ni presha ya macho. Ugonjwa huu kwa wengi hauna maumivu. Huiba nuru kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Haufanani na mtoto wa jicho, ambaye hutolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena. Jicho la kushoto la Bibi lilikuwa limekwisha kufa. La kulia lilibaki na nuru kidogo, nayo ingeweza kulindwa kwa dawa ya matone kila siku ya maisha yake. Daktari hakumlaumu mtu. Aliuliza swali moja tu: "Mbona mmechelewa?" Binti aliangalia sakafu, nasi tukaangalia sakafu.

Hilo ndilo tunalolilia, wapenzi wasomaji. Jicho lile halikuhitaji fedha nyingi. Lilihitaji mtu mmoja kwenda naye ofisini mwaka mmoja mapema.

Sasa tufanye nini?

Kikundi chetu kimenunua daftari. Kila mzee wa mtaa ana ukurasa wake. Tunaandika umri, jina la mtoto au ndugu na simu yake, kama kitambulisho kipo au hakipo, dawa anazotumia, siku ya kliniki, na jina la mama mmoja kati yetu anayewajibika kwake. Kila baada ya miezi mitatu tunalipeleka daftari ofisi ya mtaa tukalinganishe na orodha yao. Mara ya kwanza tulikuta wazee tisa ambao hawamo kwenye orodha yao, na wawili waliokwisha kufariki ambao bado wamo.

Tunahudhuria mikutano ya mtaa, hata kama tumeacha sufuria jikoni. Tunauliza baraza la wazee linakutana lini, na kama akina bibi wamo humo au ni akina babu peke yao. Mwezi wa Oktoba, tarehe 1, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1990 kwa ajili ya wazee duniani, hatutaki soda na hotuba tu. Tunaomba siku hiyo wapimwe macho na presha.

Wewe nawe, mama mpendwa, unaweza kuanza wiki hii. Mpigie simu mama yako au mama mkwe wako. Baada ya salamu, mwulize mambo matatu: Unaonaje? Kitambulisho chako kiko wapi? Nani huenda nawe kliniki? Kama hajibu vizuri, usitume fedha ukanyamaza. Mtafute mtu wa kwenda naye, na ujue jina lake.

Alhamisi iliyopita tulimkuta Bibi ameketi mahali pake mlangoni. Binti yake alikuwa amemfundisha mjukuu kumtia dawa jichoni. Kitambulisho chake hukifunga kwenye pindo la kanga, kama wazee wanavyofunga fedha. Alikifungua akatuonyesha, akakifunga tena, kisha akatuuliza:

"Na yule mwenzangu wa kule bondeni, jina lake mmeliandika?"

Hatukuwa tumeliandika. Tulifungua daftari palepale, kabla ya kuketi.